Taa ya oili inayowaka ukikimbiza gari: kisa cha Corolla 110 ya Mkolani

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, cc 1500 kasoro kidogo, mali ya mama mmoja mwalimu mstaafu anayekaa Mkolani na ambaye karibu kila wiki anavuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, kule ana shamba na wajukuu. Mpaka inafika gereji kwetu ilikuwa imeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa, na hukumu ya mwisho aliyopewa ni kwamba injini imekwisha, atafute ya mtumba afunge. Naeleza kisa chote kwa urefu kwa sababu hii taa nyekundu ya kibirika inaua injini nyingi sana hapa Mwanza, wengine wanaipuuza mpaka injini inanoki, na wengine wanauziwa injini nzima wakati kilichoharibika ni kitu kidogo tu, na hili la pili linaniuma zaidi maana wanaoumia ni watu wa kipato cha kubana.

Nianze na alivyoeleza mwenyewe, nusu ya jibu ilikuwa humo. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hebu niambie taa inawaka wakati gani hasa, ukiwa umesimama au ukiwa kwenye mwendo?"

"Marahaba mwanangu. Mwanzoni ilikuwa inachelewa tu kuzima asubuhi nikiwasha. Siku hizi nikishapita Usagara barabara ikinyooka, nikikanyaga mafuta naiona inawaka, nikipunguza inazima. Juzi ikagoma kuzima kabisa, nikaegesha pembeni nikazima gari, nimekaa kama robo saa nawasha tena haipo. Nikafika mpaka Busisi ndo ikarudi."

Nikamuuliza imeshafanyiwa nini. Fundi wa kwanza alibadilisha swichi ya oili, taa ikaendelea kuwaka. Wa pili akamwaga oili akaweka namba 40 pamoja na ile dawa ya kuongeza uzito, akisema bearing (vikombe vya chuma laini ambamo mhimili wa injini, krenki, unazunguka) zimelika, na mama akaongeza kitu ambacho nadhani hakuna aliyemsikiliza alipokisema huko nyuma: tangu hiyo oili nzito iwekwe, asubuhi taa ndo inachelewa zaidi kuzima. Halafu nilipombana kidogo akakumbuka kwamba miezi ya nyuma sampo, lile karai la oili chini ya injini, ilikuwa inavuja, ikashushwa ikapakwa silikoni mpya ya kuzibia, na siku hiyo hiyo wakamwekea dawa ya kusafisha injini.

Sasa kabla ya kushika spana, elewa taa yenyewe inafanyaje kazi kwenye gari za umri huu. Kuna swichi ndogo imefungwa kwenye bloku, ina waya mmoja. Presha ikiwa hakuna, swichi inaunganisha ule waya na bodi, taa inawaka, ndiyo maana ukifungua ufunguo bila kuwasha injini lazima uione, na usipoiona hapo balbu imeungua au waya umekatika, unaendesha gari isiyo na mlinzi. Injini ikiwaka pampu inasukuma, presha ikivuka kama 0.3 ya kilo kwa sentimita ya mraba swichi inaachia na taa inazima. Kitabu cha Toyota cha injini za ukoo huu wa A kinataka kwenye sailensi, yaani injini imewaka na hujakanyaga mafuta, presha isipungue 0.3, na kwenye resi 3000, yaani mizunguko 3000 kwa dakika, iwe kati ya 2.5 na 5.0. Linganisha hizo namba. Unaweza kuwa barabarani na presha ya 0.6 wakati injini inadai zaidi ya 2.5, na taa imezima kama hakuna kitu. Kwa hiyo anayekwambia "taa imezima, gari imepona" hajakwambia chochote kuhusu presha, na ikiwaka ukiwa kwenye mwendo wa resi kubwa ujue presha imeporomoka kabisa, maana imeshuka kutoka kule juu mpaka kwenye karibu sifuri.

Umeme tulianza nao kwa sababu ni wa dakika mbili. Chomoa waya kwenye swichi, ufunguo ukiwa umefunguliwa: taa ikazima. Gusisha waya kwenye bodi: ikawaka. Basi waya hauna shoti, balbu nzima, na swichi ni mpya. Kuna kijana pale gereji akashauri tuipeleke kwanza ikapimwe kwa mashine ya dayagnosisi, lakini kwenye gari hii taa ya oili inatoka kwenye swichi inaenda moja kwa moja dashibodi, haipiti kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hivyo mashine isingeona kitu na mama angelipia bure.

Kijiti cha oili tukakichomoa mara mbili, injini ikiwa imetulia muda na tena mara tu baada ya kuzima ikitoka kwenye resi. Hii ya pili watu hawaifanyi na inasaidia sana, kwa sababu kuna injini ambazo njia za kurudisha oili kutoka silinda hedi zimeziba, ukikimbiza oili yote inabaki juu na chini panakauka, na ukipima baada ya nusu saa unakuta imesharudi unasema kiwango kiko sawa. Hapa ilikuwa chini kidogo tu ya ile iliyotulia, kama inavyotakiwa. Haikuzidi pia, na naomba niseme hili kwa wanaonunua galoni ya lita 4: injini hii inakula lita 3 hivi pamoja na filta, ukimwaga galoni yote krenki inaanza kuichapa oili inatoa povu, pampu inavuta hewa, na presha inashuka wakati oili imejaa tele. Rangi ilikuwa nyeusi, haina weupe wa maziwa kwa hiyo maji ya rejeta hayajaingia, na haina harufu ya petroli. Petroli ikichanganyika na oili inaifanya nyepesi, na gari yenye plagi mbovu au injekta inayovuja inaweza kukuletea taa ya oili bila pampu wala bearing kuwa na kosa.

Halafu ndo tukafika kwenye geji, ambayo kwa imani yangu ilitakiwa iwe kazi ya kwanza ya fundi wa kwanza. Presha geji ya oili si kitu cha anasa, ni geji, mpira unaovumilia oili ya moto, na kiunganishi cha kuingia pale swichi inapotoka. Angalizo hapo: tundu la Toyota ni la nyuzi za robo-nusu inchi, yaani moja ya nane, za mtindo wa Uingereza, nyuzi 28 kwa inchi, na viunganishi vingi kwenye seti za bei nafuu ni vya mtindo wa Kimarekani, nyuzi 27. Vinafanana sana kwa macho, kitaingia mizunguko miwili mitatu kama chake, ukilazimisha unaharibu nyuzi za bloku. Ukiona kinakaza mapema, toa.

Injini ikiwa baridi ya asubuhi, tukawasha. Mshale ulikaa chini, ukasita, kisha ukapanda taratibu mpaka 2 hivi. Nikawaambia vijana waangalie huo mwendo wa mshale, kwa sababu oili nzito ya baridi kwenye injini yenye bearing zilizolika hupandisha presha haraka na juu sana, uchovu wa bearing unaonekana oili ikishapata moto. Hii ilikuwa kinyume. Tukapandisha resi 3000 tukashikilia hapo hapo, mshale ukafika karibu 3, halafu huku resi haijabadilika ukaanza kushuka, 2, 1.5, na ukawa unatetemeka, hautulii mahali. Tukazima, tukasubiri, tukawasha: ukarudi juu, na ukashuka tena.

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Chukua vyanzo vyote vya presha ndogo uvipambanishe na huo mshale. Bearing zikilika, oili inapita kirahisi pembeni ya krenki, presha inakuwa ndogo kwenye sailensi ya moto lakini ukikanyaga inapanda na inabaki pale, haishuki ukiwa umeshikilia. Valvu ya kupunguza presha ikinasa ikiwa wazi, presha inakuwa ndogo siku zote, ukipumzisha gari hakuna kinachobadilika. Pampu ikichoka nayo inakuwa dhaifu muda wote, na mbaya zaidi kwenye sailensi. Kinachoanza vizuri kikafifia, kikapumzika kikapona, kikafifia tena, ni njia ya kuvutia iliyoziba. Kule ndani ya sampo kuna bomba la pampu lenye chujio la wavu mdomoni, uchafu unavutwa unabandika kwenye wavu, resi ikiwa kubwa unabandika zaidi kwa sababu pampu inataka oili nyingi, ukizima injini mvuto unakwisha na uchafu unadondoka. Robo saa ya mama pembeni ya barabara ilikuwa inafanya kazi hiyo hiyo.

Na oili namba 40 ikaingia hapo kuongeza tatizo. Kuvuta oili nzito ya baridi kwenye wavu uliobaki na vitundu vichache ni sawa na kuvuta uji mzito kwa mrija uliobanwa. Kama shida ingekuwa bearing, oili nzito ingempa mama nafuu, hata ya muda. Ilipomzidishia, ile yenyewe ilikuwa kipimo, ila hakuna aliyekisoma. Watu wengi wanadhani ile namba kubwa ni ubora. Namba ya mwisho inaeleza uzito oili ikiwa na joto la nyuzi 100, na namba iliyo kabla ya W inaeleza inavyotiririka ikiwa baridi, kwa hiyo namba 40 tupu na 10W-40 zikiwa moto zina uzito wa daraja moja, tofauti ni asubuhi, na asubuhi ndiyo injini inahitaji oili ifike juu haraka. Mwanza hatuna baridi ya kuogopesha, lakini ukiwa na chujio lililoziba hata asubuhi ya kawaida ya kandokando ya ziwa inatosha kukuonyesha.

Kulikuwa na uwezekano mmoja mwingine unaofanana, kwamba gasketi ya lile bomba imekatika na pampu inanyonya hewa pale kwenye kiungo. Mshale unatetemeka vile vile. Vyovyote iwavyo vyote viwili viko nyuma ya sampo, kwa hiyo uamuzi wa kuishusha ulikuwa umeshapatikana, na mama nikamwambia wazi, "Mama, sijakuahidi injini ni nzima mpaka nione ndani, lakini hiki ninachokiona kwenye geji sicho kinachonifanya nikwambie ununue injini." Akajibu, "Fungua mwanangu, ila uniite nione."

Oili tukaimwaga kwenye beseni safi, beseni safi ni muhimu maana unataka kusoma kilichomo. Kisha filta tukaikata. Usikate filta kwa msumeno wa chuma, vumbi la msumeno linaingia kwenye karatasi halafu unaanza kutafsiri vumbi lako mwenyewe kama bearing, sisi tuliipasua kwa patasi na mkasi wa bati kuzunguka ukingo, tukaitoa karatasi tukaikamua na kuinyoosha juu ya gazeti juani. Nilichokuwa natafuta ni vimeto vya rangi ya fedha au shaba, hivyo ndivyo vinavyotoka bearing zikianza kufa. Havikuwepo. Sumaku ikapita, ikaokota unga mweusi kidogo wa kawaida kwa injini ya umri huu. Kilichokuwepo kwenye mikunjo ni punje nyeusi zinazovunjika ukizibana kwa kucha, na katikati yake vinyuzi laini vya rangi ya chungwa, vinavutika, havivunjiki. Silikoni.

Sampo ikashushwa baada ya kupisha bomba la mbele la ekzosi, na mama akaitwa. Wavu wa chujio ulikuwa umefunikwa sehemu kubwa, upande mmoja umebaki kama upana wa dole gumba ndo unapitisha. Vile vinyuzi vya silikoni vilikuwa vimejisuka kwenye wavu vikatengeneza kama zulia, punje nyeusi za oili iliyoungua zikakaa juu yake na ute mweusi ukaziba palipobaki. Ukingo wa ndani wa sampo ulieleza silikoni ilikotoka, ulikuwa na mkanda mnene umevimba kuelekea ndani, mahali pengine umekatika na pamebaki shimo la kile kipande kilichoondoka. Toyota wanaelekeza mdomo wa kutolea silikoni ukatwe wa milimita 3 mpaka 5 tu na sehemu zifungwe ndani ya dakika 5. Tunachofanya gereji nyingi ni kupaka nene ili isivuje, na ikikazwa nusu inatoka nje unaifuta, nusu inaingia ndani huioni, na ile ya ndani ndiyo inayokatika na kusafiri.

Ile dawa ya kusafisha injini nayo ina sehemu yake. Injini iliyokaa miaka inabadilishiwa oili kwa kuchelewa inakuwa imejijengea tabaka jeusi kwenye kuta, ukimwaga dawa kali tabaka linabanduka kwa mkupuo, na linakoelekea ni chini kwenye wavu. Sipingi dawa hizo moja kwa moja, ila kwenye injini yenye uchafu wa namna hii mimi nasafisha taratibu, oili mpya nzuri, kilomita chache, mwaga, filta mpya, rudia, sampo ikiwezekana ishushwe.

Kwa kuwa tulikuwa chini tayari, tukafungua kifuniko cha konrodi moja, mkono unaounganisha pistoni na krenki, tuangalie bearing, maana injini iliyokaa na presha ndogo kwa muda huwezi kuiamini kwa maneno. Uso ulikuwa wa kijivu, umeng'aa sawasawa, kuna mistari miwili mitatu myembamba, shaba ya chini haijaonekana. Shaba ingeonekana tungekuwa na mazungumzo mengine na mama. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa akiiona taa anazima gari badala ya kujikaza mpaka afike, hilo alilifanya mwenyewe bila kufundishwa na fundi yeyote.

Kazi iliyobaki haikuwa na miujiza. Chujio likalowekwa petroli, brashi laini, hewa ya kompresa kutokea ndani kwenda nje, wavu ukaangaliwa juani mpaka kila kitundu kinapitisha mwanga. Gasketi mpya ya bomba, ile ya zamani ilikuwa imekauka ila haijakatika. Silikoni yote ya zamani ikakwanguliwa pande zote mbili, sampo ikaoshwa ikakauka, mkanda mwembamba ukapakwa kupita upande wa ndani wa matundu ya bolti, ikafungwa, ikaachwa ikauke ndo oili ikaingia, 10W-40 na filta mpya, lita 3 kwanza kisha kijiti kikaamua kilichobaki.

Geji ilibaki kwenye tundu lake. Kuifunga swichi na kumpa mtu gari wakati huo ni kubahatisha, kuna vipande vidogo vinaweza kuwa vilishapenya wavu vikanasa kwenye valvu ya pampu. Asubuhi ya kesho yake mshale ulipanda mara moja, hakuna kusita. Ikapata moto mpaka feni ya rejeta ikazunguka, sailensi ikasoma 0.9. Resi 3000 ikasoma 3.4, tukashikilia, haikushuka, haikutetemeka. Halafu tukaipeleka barabarani mpaka Usagara na kurudi, geji tumeifunga nje ya kioo cha mbele kwenye waipa, mpira umefungwa mbali na ekzosi, na usiingize huo mpira ndani ya gari hata siku moja, ukipasuka ni oili ya moto kwenye mapaja ya dereva. Kwenye ile nyoofu ambayo taa ilikuwa inamkuta mama, mshale ulikaa juu ya 3 muda wote.

Oili hiyo ilimwagwa mapema, kabla haijafika kilomita 1000, filta ikapasuliwa tena. Punje nyeusi chache, kinyuzi kimoja cha silikoni, vimeto hakuna. Oili ya pili sasa anaenda nayo muda wa kawaida.

Kitu ambacho bado hatujakigusa ni pampu yenyewe. Kwenye injini hii iko mbele, inazungushwa na krenki, na kuifikia lazima uvue taiming belti, na presha ya 3.4 haikunipa sababu ya kumtoza mama kazi hiyo. Belti yake ikifika kilomita za kubadilishwa tutaifungua mbele, tutabadilisha na sili ya krenki, na hapo ndo nitapima rota za pampu na kuitoa ile valvu niione ilivyo.